Mwiba wa Kujichoma

Binadamu akifikwa na msiba hutafuta sababu. Mvua isiponyesha, ng'ombe akifa, au mtoto akishindwa mtihani, swali la kwanza aghalabu huwa ni nani aliyelileta jambo hili. Swali hilo si baya. Pasipo kutafuta sababu watu wasingalijua kilimo, wala ubaharia, wala tiba. Lakini lina hatari moja. Mtu aliyetafuta sababu asiipate upesi huridhika kupata wa kulaumiwa, na wa kulaumiwa aliye karibu kuliko wote ni yule yule aliyefikwa na msiba.

Ugonjwa wa saratani waionyesha hatari hiyo waziwazi. Katika mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba watu 42,000 hivi waligunduliwa kuwa na saratani nchini Kenya, na kwamba watu 27,000 hivi walikufa kwa ugonjwa huo. Hesabu hiyo haikuruka mtaa wa tajiri wala wa maskini. Katika Kibera na Kawangware, jirani akipatikana na ugonjwa huu, maneno mawili husemwa nje ya mlango wake. La kwanza ni kwamba mawazo yalimzidi, na mawazo ndiyo yaliyomla. La pili ni kwamba mwenendo wake ndio uliomponza: alikunywa, alivuta, alikula ovyo. Nyuma ya maneno yote mawili imesimama methali ya wazee isemayo kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Insha hii yauliza mambo mawili. Je, maneno hayo ni ya kweli? Na kama yana kweli ndani yake, je, kweli hiyo yatupa ruhusa ya kumnyima mgonjwa pole?

Tuanze na mawazo. Imani kwamba huzuni huzaa saratani ni ya kale sana. Tabibu Galen, aliyeishi katika dola ya Warumi zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, alifundisha kwamba ugonjwa huu hutokana na wingi wa nyongo nyeusi mwilini, na kwamba wanawake wenye tabia ya huzuni huelekea zaidi kupata uvimbe wa matiti. Mafundisho yake yalishikwa kwa karne nyingi. Leo hakuna daktari anayetafuta nyongo nyeusi, lakini mzizi wa fikira hiyo haujang'oka. Sisi nasi tukimwona mtu amekonda kwa shida, halafu akaugua, twaunganisha mambo hayo mawili kwa uzi mmoja.

Wataalamu wa zama zetu wameliweka jambo hili katika mizani. Huko Denmark, nchi inayoandika kwa uangalifu vizazi, vifo na maradhi ya raia wake, walichunguzwa wazazi waliofiwa na watoto. Ni vigumu kufikiri huzuni inayoipita hiyo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba akina mama waliofiwa walipata saratani zaidi kidogo tu kuliko wenzao, na ziada hiyo ilionekana hasa katika zile saratani zinazoletwa na tumbaku. Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mwingine wa watu zaidi ya 116,000 katika nchi kadhaa za Ulaya. Waliulizwa juu ya dhiki ya kazi zao, kisha wakafuatwa kwa miaka mingi. Haukuonekana uhusiano kati ya dhiki hiyo na saratani ya mapafu, ya matiti, ya utumbo mpana, wala ya tezi dume.

Haifai tuseme kwamba mlango wa elimu umefungwa. Yapo majaribio ya wanyama yaonyeshayo kwamba homoni ambazo mwili hutoa wakati wa dhiki zaweza kuusaidia uvimbe uliokwisha kuwapo usambae. Hata hivyo, kwa ushahidi tulio nao, hatuna haki ya kumwambia mgonjwa kwamba amejipandia saratani kwa kuwaza. Maneno hayo, hata yakisemwa kwa huruma, humtwika mtu mizigo miwili. Ana ugonjwa, na sasa ana kosa la kuhuzunika. Tena humfanya aogope hata machozi yake, asije akaulisha uvimbe wake kwa kulia.

Lakini tazama tena wale akina mama wa Denmark. Yaelekea huzuni haikuwapa saratani kwa mkono wake mwenyewe, iliwapa sigara. Hapo ndipo dhiki na mazoea yanapokutana, na hapo ndipo neno la pili la majirani, yaani neno la mwenendo, linapotaka kupimwa.

Kwamba mwenendo huleta saratani ni jambo lisilo na shaka. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walionyesha huko Uingereza uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, na uchunguzi uliofuata umelithibitisha jambo hilo mara nyingi. Pombe ya kila namna, iwe ya chupa yenye nembo au ya kupikwa nyuma ya nyumba, yajulikana kuwa chanzo cha saratani za kinywa, umio, ini na nyinginezo. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilisema kwamba hata kinywaji cha moto mno, kinachopita nyuzi 65 za joto, yaelekea huleta saratani ya umio. Ugonjwa huo wa umio umeenea sana katika nchi za Afrika ya Mashariki. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kwamba kati ya saratani 30 na 50 katika kila 100 zingeweza kuzuiwa.

Basi majirani wana kweli mkononi. Lakini ni kipande cha kweli, na kipande cha kweli hukata kama kipande cha kioo.

Kwanza, saratani nyingine hazihusiani na mwenendo wowote wa mgonjwa. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa Uganda. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London, na mwaka 1964 virusi vilivyokuwa havijulikani viligunduliwa ndani yake. Baadaye ilifahamika kwamba malaria nayo husaidia kuuleta ugonjwa huo. Mtoto wa miaka sita ana mwenendo gani mbaya? Mbu aliyemwuma hakuuliza tabia yake. Kadhalika, saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi ambavyo watu wengi sana hukutana navyo maishani. Zipo pia saratani ambazo chanzo chake ni kosa dogo tu katika kugawanyika kwa seli, kosa lisilo na mwandishi.

Pili, hata pale mwenendo ulipo, yafaa tuuangalie mwenendo wenyewe umetoka wapi. Jina la Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi walioipa jina hilo walikuwa askari na jamaa za askari waliotumikia jeshi la Waingereza, wakapewa kukaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20 pasipo hati ya ardhi. Hati ya sehemu ya ardhi hiyo ilikuja mwaka 2017. Katika miaka yote hiyo mji ulikua juu ya ardhi isiyo na uhakika. Ambapo mtu hajui kama kesho nyumba yake itasimama, hapajengwi dohani, wala mfereji, wala dirisha pana. Ndivyo kilivyozaliwa chumba cha futi kumi kwa kumi, chenye ukuta wa udongo na paa la bati, ambamo watu hulala, hupika na hupumua.

Mtazame mwanamke anayepika katika chumba hicho. Huwasha jiko la makaa kabla ya alfajiri, na siku ambayo makaa hayanunuliki huwasha vipande vya mbao. Moshi wa kuni ndani ya nyumba umewekwa na shirika lile lile tulilolitaja katika orodha ya mambo yanayoelekea kuleta saratani. Hununua unga wa mahindi ulio rahisi kuliko wote dukani. Mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huota kuvu yenye sumu isiyoonekana kwa macho wala kuonjwa kwa ulimi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaugusha watu 317 katika wilaya za mashariki ya Kenya, na 125 kati yao wakafa. Mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka mingi, humpa saratani ya ini. Je, tuseme mwanamke huyu ana mazoea mabaya? Mazoea yake ni kuwapikia wanawe ugali.

Mtazame pia bawabu anayekaa Kawangware na kulinda nyumba Lavington. Mitaa hiyo miwili imepakana, na mtu huenda kwa miguu kutoka mmoja hadi mwingine. Mmoja walala, na mwingine hulipwa ili ukeshe. Kazi ya zamu za usiku yenyewe imo katika orodha ile ya mambo yanayoelekea kuleta saratani, tangu mwaka 2007. Ili asisinzie na kufukuzwa kazi, bawabu huvuta sigara. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 yakataza sigara kuuzwa moja moja, lakini yeye huinunua moja moja, kwa sababu fedha za pakiti hana. Asubuhi hurudi mtaani, na ili apate usingizi wakati wa kelele za mchana, hunywa kikombe cha pombe. Kila tendo lake ni lake. Hakuna aliyemshika mkono. Hata hivyo, kila tendo lake ni jibu la jambo ambalo hakulichagua.

Yuko tena msichana wa kibarua aliyegusa uvimbe mdogo katika titi lake. Uvimbe hauumi. Hospitali Kuu ya Kenyatta haiko mbali na Kibera. Mtu mwenye miguu mizima hufika bila ya gari. Lakini siku moja ya foleni ni siku moja bila ya ujira, na siku bila ya ujira ni usiku bila ya chakula. Husema atakwenda mwezi ujao, na mwezi ujao huwa na kodi yake ya nyumba. Hapa dhiki imefanya kazi kubwa kuliko yote. Haikuanzisha saratani, lakini imeipa muda, nao muda ndio chakula ambacho saratani hukipenda kuliko vyote.

Msomaji aweza kunipinga hapa, na pingamizi lake lastahili heshima. Aweza kusema kwamba nikizidi kutaja chumba, mshahara na moshi, nitamfanya maskini kuwa jiwe linalosukumwa na maji. Katika Kibera hiyo hiyo wako watu wengi wasiovuta wala kunywa, ilhali shida zao ni zile zile. Katika Kawangware wako mabawabu wanaokesha bila ya sigara. Kumwambia maskini kwamba hana hiari ni kumtukana mara ya pili: kwanza amenyimwa mali, sasa anyimwa na utu.

Pingamizi hilo ni la kweli. Mtu hakosi hiari mpaka afe. Lakini hiari haikugawanywa sawa. Wahenga walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Mwenye kamba ndefu asiyefika kwenye majani mema ana swali la kujibu. Mwenye kamba fupi naye ana swali la kujibu, lakini ni fupi kama kamba yake. Na yule aliyeifunga kamba ana swali lake peke yake, ambalo mbuzi hawezi kulijibu kwa niaba yake.

Basi yatupasa tutenganishe mambo matatu ambayo ulimi huyachanganya: sababu, hatia na wajibu. Sababu ni jambo lililotangulia jambo jingine na kulileta. Hatia ni deni la mtu aliyejua, aliyeweza kutenda vingine, na akakataa. Wajibu ni kazi inayomngoja mtu kwa kuwa anaweza kuifanya, hata kama hakuvunja kitu. Moshi ni sababu, lakini moshi hauna hatia. Mgonjwa aweza kuwa na sehemu katika sababu, na akawa na hatia ndogo au asiwe nayo kabisa. Na mtu ambaye hakuhusika katika sababu hata kidogo aweza kuwa na wajibu mkubwa.

Historia yatupa mfano. Mwaka 1775 Percivall Pott, daktari mpasuaji wa London, aliandika kwamba wasafishaji wa dohani walipatwa na saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kuliko watu wengine, na akayataja masizi kuwa ndiyo chanzo. Wengi wao walianza kazi hiyo wangali watoto wadogo wa maskini, waliotakiwa kwa wembamba wao ili wapenye ndani ya dohani. Sababu ilijulikana siku hiyo. Lau watu wa London wangalikuwa na nia ya kulaumu tu, wangaliweza kusema kwamba watoto hao hawaogi. Lakini masizi yalikuwa ya dohani za nani? Na moto uliwashwa ili apate joto nani? Sheria kadhaa zilitungwa na kupuuzwa, mpaka sheria ya mwaka 1875 ilipokomesha desturi ya kuwapandisha watoto. Miaka 100 ilipita kati ya kujua sababu na kuubeba wajibu. Miaka hiyo haikupotea kwa ujinga. Ilipotea kwa sababu waliojua hawakuwa wao waliopanda.

Na asidhani mtu kwamba saratani ni ya wenye mwenendo mbaya au wenye kukosa elimu. Kenneth Okoth alizaliwa Kibera, akasoma Starehe na hata ng'ambo, akarudi na kuchaguliwa mwaka 2013 kuwa mbunge wa Kibra, na akajulikana kwa juhudi yake ya kujenga shule. Mapema mwaka 2019 alitangaza hadharani kwamba ana saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa, na mwezi wa Julai mwaka huo alifariki akiwa na umri wa miaka 41. Hakuificha. Watu walimlilia, na hakuna aliyesimama kumwuliza alikula nini. Pole ile waliyompa mbunge ni haki pia ya mchuuzi wa mboga anayekufa bila ya gazeti kumtaja.

Wako wanaoogopa kwamba tukiondoa lawama, watu watalegea. Mimi naona kinyume chake. Lawama haimfanyi mtu aache sigara. Humfanya aivutie uani. Haimfanyi mwanamke aende kupimwa. Humfanya aogope kuambiwa kwamba alikuwa na tabia fulani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingi aliyemfundisha kuficha ni jirani mwenye ulimi. Saratani ya mlango wa kizazi yaweza kuonekana na kuzuiwa miaka mingi kabla haijawa saratani. Tangu Oktoba 2019 Kenya imekuwa ikiwapa wasichana wa miaka 10 chanjo ya virusi viiletavyo. Kinga imekwisha kuwapo. Aibu ikizuia mlango wake, aibu ndiyo itakayokuwa imeua.

Wajibu, basi, ugawanywe kwa urefu wa kamba. Kijana mwenye hiari ya kuikataa sigara ya kwanza ana wajibu wa kuikataa, kwa kuwa ya kwanza ndiyo anayoichagua zaidi kuliko zote zitakazofuata. Mtu mzima aliyekwisha kunaswa ana wajibu wa kujaribu kuacha, na akishindwa, kujaribu tena. Mwenye nyumba ana wajibu wa dirisha. Mwajiri ana wajibu wa kumpa mfanyakazi ruhusa ya kwenda hospitali bila ya kumkata ujira. Mwenye duka ana wajibu wa unga alioupima. Serikali ina wajibu wa ardhi, wa mafuta safi ya kupikia, wa kuzitia nguvu sheria ilizozitunga yenyewe, na wa matibabu yasiyomwuzisha mgonjwa kitanda chake. Jirani naye ana wajibu ulio rahisi kuliko wote: kubisha hodi, kusema pole, na kumsindikiza mgonjwa kwenye foleni.

Methali ya mwiba wa kujichoma ilitungwa kwa mtu aliyeonywa njia yenye miiba, akiwa na njia nyingine mbele yake. Kabla ya kuitumia, yatupasa tuangalie kama ile njia nyingine ilikuwapo. Iko methali nyingine isemayo kwamba mwiba hutokea ulipoingilia. Saratani ikiingia kwa mlango wa mazoea, na mazoea yakiingia kwa mlango wa dhiki, basi milango yote miwili ndiyo ya kushughulikiwa. Anayemhubiria bawabu juu ya sigara na kunyamaza juu ya usiku wake ameshika mlango mmoja. Anayelalamikia usiku wake na kumwacha avute apendavyo ameshika mmoja vile vile. Mwenye mwiba mguuni huinuliwa kwanza, mwiba ukachomolewa, na njia ikafagiliwa kabla hajapita mwenziwe.